Tuwashukuru walimu wetu wangali hai

Mhariri,

Nimechoka kusikia walimu wakisifiwa makaburini. Anapofariki mwalimu wa shule ya msingi, wanafunzi wake wa zamani hujitokeza kutoka kila pembe, huchanga pesa za mazishi kwenye kundi la WhatsApp, kisha mmoja wao husimama chini ya hema na kueleza jinsi marehemu alivyomtoa mbali. Maneno mazuri kabisa, lakini mwenyewe hayasikii. Nawasihi wasomaji wenu wa hapa Nairobi wayapeleke mapema. Inawezekana, na mimi nimefanya hivyo majuzi.

Nilisoma shule ya msingi huko Eastlands miaka ya 1990. Viboko shuleni havikuwa vimepigwa marufuku, hilo lilikuja 2001, nami nilichapwa mara kwa mara kwa kosa lile lile: hesabu nilizonakili hazikuwa zile za ubaoni. Palipoandikwa 8 niliandika 3, palipo na 7 nikaweka 1. Shuleni niliitwa mvivu, na nyumbani wakaamini.

Darasa la tano tukapata mwalimu mpya wa Kiswahili. Siku moja alikuja kando ya dawati langu, akashika kitabu mbele yangu na kuniambia nisome. Nikasoma vizuri. Akarudi nyuma hatua chache, akasema niendelee. Akarudi tena hadi karibu na mlango, hapo nikanyamaza. Darasa zima lilicheka, yeye hakucheka. Jioni hiyo alinipa barua nimpelekee mama, na kabla ya muhula kwisha nilikuwa na miwani kutoka hospitali ya macho ya Kikuyu. Kabla sijaipata alinikalisha mbele, na kila alichoandika ubaoni alikisoma kwa sauti, kana kwamba ni kwa faida ya wote, ili mtoto mmoja asiaibike. Leo nachora ramani za nyumba, kazi ya macho tangu asubuhi hadi jioni.

Kumpata hakukuwa rahisi. Wengi wetu tuliwajua walimu kwa jina moja tu, Mwalimu fulani au Madam fulani, na mara nyingi hilo lilikuwa jina la mume. Anzeni na ripoti fomu za zamani ambazo mama zetu walizihifadhi pamoja na vyeti, kwa sababu mwalimu wa darasa alitia sahihi kila muhula. Kisha nendeni shuleni. Karani wa shule yetu alikataa kunipa nambari ya simu ya mwalimu, na alifanya vyema. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimruhusu kugawa nambari za watu ovyo. Alichukua yangu, akampigia mwalimu, akamwachia uamuzi. Shule ikishindwa, jaribuni tawi la chama cha walimu, KNUT, au wenzake waliofundisha naye. Walimu waliostaafu wanajuana na hutembeleana.

Nilimkuta mtaa wa Umoja, anakoishi na bintiye. Hakunikumbuka mara moja, wala sioni ajabu. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, darasa lake lilifurika watoto hata madawati yakawa hayatoshi, na aliendelea kufundisha miaka mingi baada ya hapo. Akaniuliza nilikuwa nakaa dawati moja na nani. Nilipomtaja rafiki yangu akapiga makofi: "Yule wa kupiga mluzi! Basi wewe ni yule wa miwani." Halafu akaninyooshea mkono, nikamvulia miwani, akaipeleka dirishani na kuitazama kwenye mwanga. "Kijana wangu, macho ulipimwa lini?" Nikamwambia nitakwenda, na nimekwenda.

Nilimsomea barua niliyomwandikia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mwalimu wa msingi humwona mtoto akitoka langoni anapomaliza shule, na kwa wengi wao hasikii tena lolote. Hajui nani alifika wapi. Wakulima huona mavuno yao kila msimu, yeye alisubiri miongo kadhaa kuambiwa habari ya mtoto mmoja.

Najua shukrani haziwezi kujaza pengo la pensheni. Walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walishinda kesi yao ya pensheni katika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2008, na wako waliozikwa kabla ya kuona shilingi. Deni hilo ni la serikali. Hili lingine ni letu sisi tuliofundishwa.

Ombi langu kwa TSC, tume inayoajiri walimu, na kwa walimu wakuu ni dogo. TSC ina nambari ya usajili ya kila mwalimu na inajua nani amestaafu. Ipokee barua za wanafunzi wa zamani na kuzipeleka bila kufichua anwani ya mtu, naye mwalimu aamue kama atajibu. Shule nazo zitunze daftari la majina kamili ya walimu waliopita kwao. KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na wengi waliotuandaa kwa mtihani huo wameshavuka miaka 60. Siku ya Walimu ni tarehe 5 Oktoba, na barua hizo zingeweza kuanza kupokelewa siku hiyo.

Msomaji wenu,
Makadara, Nairobi