F-35 si ndege isiyoonekana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu neno moja ambalo magazeti yetu hulirudia kila yanapoandika habari za ndege ya kivita ya Marekani, F-35: "ndege isiyoonekana na rada". Ndege ya namna hiyo haipo. Iliyopo ni ndege inayochelewa kuonekana, na kuchelewa huko ndiko kulikowala waundaji wake miaka na mabilioni ya dola.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umbali ambao rada huweza kuigundua ndege hufuata mzizi wa nne wa ukubwa wa mwangwi unaorudi. Punguza mwangwi mara 16, na rada iliyokuwa ikiinasa ndege kilomita 200 itainasa kilomita 100. Ukitaka umbali huo ushuke hadi kilomita 20, lazima mwangwi upunguzwe mara 10,000. Ndiyo maana wabunifu huhangaikia vitu ambavyo mtu wa kando ataviona vya kipuuzi: kichwa cha skrubu kilichojitokeza, upenyo mwembamba kati ya mabamba mawili, kingo za milango ya chumba cha mabomu zinazokatwa kama meno ya msumeno. Kingo za bawa na za mkia hupangwa kwa pembe zinazolingana ili mwangwi utupwe pande chache tu, usimrudie aliyeutuma. Mapanga ya feni ya injini, ambayo kwa kawaida hurudisha mwangwi mkubwa sana, yamefichwa nyuma ya mfereji wa hewa uliopinda. Mdomoni mwa mfereji huo kuna kinundu kinachosukumia kando hewa iliyopoa mwendo kwa kutambaa kwenye bodi. Rangi ya kunyonya mawimbi huja baadaye kabisa. Kazi kubwa hufanywa na umbo.

Tena yote hayo yamelengwa zaidi kwa rada za mawimbi mafupi, zile zinazoongoza makombora. Rada ya mawimbi ya mita 2 hivi haihangaishwi na meno ya msumeno, kwa kuwa wimbi lenyewe linakaribia ukubwa wa vipande vya mkia. Usiku wa tarehe 27 Machi 1999 Waserbia waliiangusha F-117, ndege nyingine ya Marekani iliyoundwa kukwepa rada, kwa kombora la S-125, mtambo wa Kisovieti wa miaka ya 1960, wakisaidiwa na rada ya P-18 ya mawimbi marefu.

Sasa, ukitaka kuficha kitu lazima ukiweke tumboni. F-35A hubeba ndani mabomu 2 ya kilo 900 hivi, makombora 2 ya angani na zaidi ya tani 8 za mafuta, na injini ni moja. Juu ya hapo zilitakiwa ndege tatu kwa mpigo: A ya uwanja wa kawaida, B ya kutua wima, C ya manowari za kubeba ndege. Kampuni ya Lockheed Martin ilipopewa kazi hiyo Oktoba 2001, matumaini yalikuwa kwamba takriban asilimia 70 ya sehemu zingefanana katika aina zote tatu. Kufikia 2016 mkuu wa mradi alikuwa akitaja asilimia 20 hadi 25.

Aliyevuruga mambo ni B. Nyuma ya rubani ana feni ya kunyanyulia yenye kipenyo cha mita 1.27, inayozungushwa na shafti kutoka injini kuu. Ndege ikishika mwendo wa mbele, feni hiyo hugeuka mzigo wa bure. Mwaka 2004 ikabainika kwamba B amezidi uzito kwa zaidi ya kilo 1,000, na ndege inayotua wima haina pa kuficha kilo: msukumo ukiwa mdogo kuliko uzito, hiyo si kutua tena. Wakapunguza chumba cha silaha, wakazipunguza unene mbavu za bodi, na fremu moja kubwa iliyokuwa ya titani wakaifanya ya alumini. Alumini huchoka upesi ikipindwapindwa. Novemba 2010, fremu hiyo, namba 496, ilikutwa na nyufa kwenye bodi ya majaribio inayovutwa na kusukumwa na majeki, baada ya saa 1,500 hivi, wakati ilitakiwa ivumilie 16,000.

Tarehe 23 Juni 2014, katika kituo cha jeshi la anga cha Eglin, Florida, F-35A ilishika moto ikiwa mbioni kuruka. Rubani alitoka salama. Mapanga ya feni hutakiwa yaguse kidogo tu bitana ya nyumba yake, yajichimbie nafasi ili hewa isivuje. Katika ndege hiyo yalisugua kupita kiasi, joto likapanda, hatua ya tatu ya feni (safu yake ya tatu ya mapanga) ikapata nyufa ndogo ndogo kisha ikapasuka, na vipande vikakata hadi tangi la mafuta. Dawa yake ilikuwa ya kifundi hasa: kuichimba nafasi hiyo kwenye bitana mapema, badala ya kuyaachia mapanga yaichimbe yenyewe.

Halafu kuna joto la vifaa vya umeme, ambalo mafuta ya ndege ndiyo hulipokea. Kituo cha Luke, Arizona, mwaka 2014 kilipaka rangi nyeupe maboza ya mafuta ili jua lisiyapashe kabla hayajafika kwenye ndege. Kwa kuwa vifaa vimezidi kuongezwa, mfumo wa kupoza huinyonya injini hewa nyingi kuliko ilivyobuniwa kutoa, na injini huchakaa mapema.

Programu za kompyuta nazo zina visa vyake. Julai 2023 hadi Julai 2024 Marekani iligoma kupokea ndege mpya zenye kompyuta za kizazi kipya kwa sababu programu zake hazikuwa tayari, na ndege zikabaki zimepaki.

Kwa hiyo "ndege yenye mwangwi mdogo" ingetosha kwenye kichwa cha habari. Na mwandishi wenu akiletewa taarifa ya F-35 iliyoharibika, aulize kwanza: ni A, B au C?

Fundi wa ndege,
Dar es Salaam