Jenereta halichomekwi ukutani

Mhariri,

Jumapili iliyopita umeme ulipokatika mtaani kwetu nilikuwa barazani na wenzangu baada ya Alasiri. Hazikupita dakika tano majenereta yakaanza kunguruma, moja baada ya jingine. Mtoto wa jirani akauliza: "Babu, jenereta linautoa wapi umeme?" Mwenzangu mmoja akamjibu upesi kwamba umo ndani ya petroli. Mimi fundi umeme, nimezeeka na koleo mkononi, nikanyamaza nisije nikamvunjia mtu mzima heshima mbele ya mtoto. Usiku nikakosa raha. Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu.

Petroli haina umeme. Kazi yake ni kuizungusha injini, basi. Umeme unatoka kwenye kile kichwa kilichofungwa ubavuni mwa injini: ndani yake mna sumaku inayozunguka katikati ya koili za waya wa shaba, na kila sumaku inapopita mbele ya koili, umeme unasukumwa wayani. Michael Faraday wa Uingereza ndiye aliyelionyesha jambo hili mwaka 1831. Anayezungusha anaweza kuwa yeyote. Baiskeli za zamani zilikuwa na dainamo iliyoegemea tairi, ukichoka kupiga pedeli, taa nayo inachoka. Gari lina oltaneta inayovutwa na mkanda wa injini. Kule Rufiji, maji ya Bwawa la Julius Nyerere yanazungusha mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, na umeme wa gridi ya taifa inayolishwa na mitambo hiyo ndio unaopita chini ya bahari hadi Fumba kuja kuzungusha feni zetu hapa Unguja.

Waya huo wa baharini tunaujua kwa machungu. Mei 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Kisha Desemba 2009 kiza kikarudi, na hakikuondoka mpaka Machi 2010. Pampu za visima zilisimama, watu wakabeba ndoo. Wengi wetu ndipo tuliponunua jenereta la kwanza maishani, na ndipo tulipoipata tabia iliyonifanya nishike kalamu.

Tabia yenyewe ni hii: mtu ananunua waya, anaufunga plagi pande zote mbili, upande mmoja anauchomeka kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Mimi nikiukuta waya wa namna hiyo naukata kwanza, maneno baadaye. Transfoma ya mtaani inashusha umeme kutoka volti 11,000 mpaka kiwango cha majumbani, lakini haijui upande. Ukiilisha volti 230 kutoka nyumbani kwako, itazipandisha kurudi kule kwenye maelfu. Juu ya nguzo yuko kijana wa watu aliyeambiwa laini imezimwa. Na hata asipokuwapo mtu, umeme wa shirika ukirudi jenereta lako linaunguruma, pande mbili zitagongana na koili zako zitakuwa makaa.

"Mimi nazima meni switchi kwanza," yaani swichi kuu ya nyumba, ananiambia mteja. Sawa, siku ambayo utakumbuka. Na siku ambayo mkeo au kijana wako wa dukani ndiye anayewasha? Dawa yake ni chenjiova, swichi yenye mkono mmoja: ukiuweka upande wa shirika, jenereta limekatwa, ukiuweka upande wa jenereta, shirika limekatwa. Hakuna namna ya kuunganisha yote mawili, hata ukiwa na usingizi.

Kuna na wale wanaopunguza mwendo wa injini ili kubana petroli. Jenereta dogo la nyumbani kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika, ndipo linatoa hezi 50 kama za shirika, yaani umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mengi makubwa ya dizeli yana ncha nne za sumaku badala ya mbili, kwa hiyo mizunguko 1,500 inayatosha. Ukichezea mwendo huo, lita moja uliyoiokoa utailipa kwa mota ya friji.

Wenye zahanati na hospitali wasidhani kwamba kununua kubwa kumemaliza kazi. Jenereta la kujiwasha lenyewe bado linahitaji sekunde kadhaa kabla ya kushika mzigo, na kwa mgonjwa aliyelala kwenye meza ya upasuaji sekunde hizo lazima zibebwe na betri. Tena linataka kuwashwa mara kwa mara, na kupewa mzigo kweli. Niliwahi kuitwa kwa mwenye duka la samaki wa barafu ambaye lake lilikaa miezi bila kuguswa. Injini iliwaka mara moja, taa hata moja haikuwaka. Sumaku ya jenereta kama lile hupewa nguvu na umeme wa jenereta lenyewe, na huanzia kwenye sumaku kidogo inayobaki kwenye chuma likizimwa. Hiyo ilikuwa imefifia, na bila hiyo koili hazina pa kuanzia. Tuliiamsha kwa betri ya gari, lakini samaki walikuwa wameshaharibika.

Moshi nitausema kwa ufupi: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na jenereta lililowekwa ukumbini au chini ya dirisha linaua watu wamelala. Litoke nje, mbali.

Ombi langu ni kwa wenye maduka wanaotuuzia mashine hizi: asitoke mteja na jenereta bila kuulizwa kama nyumbani ana chenjiova.

Yule mtoto nimemtafutia dainamo ya baiskeli kuukuu na kibalbu. Anaizungusha kwa mkono pale barazani, na mwenzangu wa petroli amesogea karibu, anasubiri zamu yake.

Fundi umeme,
Michenzani, Unguja