Filamu za nje zije na Dodoma, ila msimulizi awepo

Mhariri, salaam.

Naomba kanafasi niseme hili la kuonyesha filamu za nje hapa Dodoma, zikiwa na mtu wa kututafsiria kwa sauti, maana kila nikifungua ukurasa wenu wa burudani ni Dar, Dar, kidogo Zanzibar wakati wa lile tamasha lao la filamu, ZIFF, utadhani sisi wa makao makuu kazi yetu ni kusikiliza Bunge tu basi.

Wenzetu nje huko makumbusho ya sanaa hayaishii kutundika picha ukutani, yana ukumbi wa sinema kabisa na ratiba yake, leo filamu za Iran, wiki ijayo Senegal au Japani. MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, wana maktaba ya filamu tangu 1935. Pather Panchali ya Satyajit Ray, Mhindi wa Bengal aliyeitengeneza kwa hela za kuungaunga mpaka karibu akate tamaa, ilionyeshwa kwanza hapo hapo makumbusho mwezi Mei 1955, haijaingia hata kwenye majumba ya sinema ya Kolkata, na bila maandishi ya tafsiri chini, na watu wakaipenda hivyo hivyo.

Sasa ukisema tufanye na huku, mtu anakurukia: jengo liko wapi? Jengo sio ishu jamani, mji huu kwa kumbi za mikutano nani anatuweza. Ishu ni lugha.

Mwezi wa saba tulijaribu uani kwetu Chang'ombe, shemeji kaja na projekta, shuka tumelipigilia misumari ukutani kwa sababu ya ule upepo mnaoujua, tukaweka filamu ya Mwairani Abbas Kiarostami ya 1987, ile ya mtoto aliyebeba daftari la mwenzake kimakosa na sasa anamtafuta kijiji cha pili amrudishie, maana mwalimu kashatishia kumfukuza huyo mwenzake. Hamna bunduki, hamna anayepigwa. Maandishi ni Kiingereza, baada ya muda kidogo watu wako kwenye simu zao, mpaka jirani mmoja akauliza "kwani huyu mtoto anasemaje?" nikaanza kutafsiri kwa sauti, mbona simu zilirudi mifukoni! Kuna pale mtoto anamweleza mama yake habari ya daftari, anarudia na kurudia, mama yuko bize na nguo na kichanga, anamjibu fanya homuweki kwanza. Bibi mmoja alishindwa kuvumilia, "We mama, si umsikilize mtoto!"

Na hii kazi ya kutafsiri si mpya, madijei wa vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, wanaifanya miaka yote kwenye filamu za Kichina na za Kihindi, ila wasomi wetu wanawacheka. Nakubali filamu za namna hii zina ukimya mrefu, dijei akichomeka vichekesho kila sekunde tumekwisha. Kwa hiyo apatikane anayejua kunyamaza. Wapo.

Makumbusho ya Taifa, chuo, jiji, yeyote anayeona inamhusu, mara moja kwa mwezi inatosha. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe, wenye filamu waombwe ruhusa na walipwe, hayo si ya kukwepa. Mngeanza hata na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, hiyo ni Kiswahili chetu wala haihitaji msimulizi. Imefika mpaka tamasha la filamu la Toronto, lakini huku kwetu waliosoma kitabu shuleni ni wengi, ukiwauliza kama wameiona filamu wanakutumbulia macho.

Kama mhusika anasoma ajibu humu humu gazetini. Mtafsiri wa kuanzia nipo, posho sidai, nauli ya bajaji tu.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma