Majina ya aikoni: tukubaliane kabla ya Ijumaa

Habari zenu wote. Jana nimekuta aikoni ya kufuta imehifadhiwa mara tatu: futa.svg, Pipa2.svg na pipa-jekundu-mpya.svg. Picha ni ile ile! Naomba kila aikoni ipewe jina la kazi yake, si la umbo wala rangi. Pipa likibadilishwa kesho, kazi ya kufuta inabaki. Mwongozo wa freedesktop, mradi wa viwango vya pamoja vya kompyuta za Linux, unafanya hivyo: edit-delete (kufuta), document-save (kuhifadhi hati). Herufi ziwe ndogo zote, maneno yaunganishwe kwa kistari. Hili la herufi tusilipuuze, maana Linux huhesabu Pipa na pipa kuwa mafaili mawili, ilhali Windows kwa kawaida huona moja. Mwenye pingamizi aandike hapa. Jumamosi naanza kubadilisha majina.