Shukrani kwa mtaalamu wa maabara aliyeokoa sampuli zetu

Namshukuru hadharani mtaalamu wa maabara ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Tunachunguza seli za kinga katika mapafu ya wagonjwa wa kifua kikuu, hasa makrofaji, ambazo humeza bakteria wa ugonjwa huo lakini mara nyingi hushindwa kuwaua. Ili kuzipata, daktari huingiza maji ya chumvi mapafuni kwa mpira mwembamba na kuyavuta tena, jambo ambalo mgonjwa hulivumilia kwa kukohoa sana. Sampuli ikiharibika, si haki kumwomba arudie.

Jioni moja sentrifuji yetu, mashine inayozungusha majimaji kwa kasi ili seli zitengane nayo, iligoma sampuli zikiwa kwenye barafu, na seli hizi hazingojei kesho. Mtaalamu huyo, ambaye hata si mwajiriwa wa mradi wetu, alitoka nyumbani kwake, akatufungulia maabara yake, akachuja majimaji kwa shashi, akayazungusha taratibu katika mashine yenye baridi, kisha akazitia seli rangi inayopenya zilizokufa tu na kuzihesabu kwa hadubini. Hakuondoka hadi kila kichupa kilipoandikwa namba na saa.

Wenye mashine kama hiyo, tafadhali wapeni majirani zenu namba ya kupiga baada ya saa za kazi.