Bondeni rangi tunayoijua ni ya X tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee mto Msimbazi wa hapa Dar. Najua umeshaandikwa sana, hasa mvua zikinyesha Jangwani pakafungwa na mwendokasi ukasimama, lakini mi leo siongelei mafuriko, naongelea rangi, maana ndo kazi yangu, naandika vibao vya maduka na vya mama ntilie huku Kigogo mwaka wa kumi na tano sasa.

Sisi watu wa bondeni rangi ya serikali tunaijua moja tu, nyekundu. Mwishoni mwa 2015 kuingia 2016 walipita wakachora X kwenye kuta za watu, ukiamka ukaikuta ukutani kwako ujue habari imeisha, na kweli tingatinga likaja (nasema tingatinga la kubomoa, lile la kuchora nalifikia mbele). Toka siku hizo mtu wa bondeni akimwona mgeni na kopo la rangi anaita majirani.

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, daraja la Jangwani linyanyuliwe, mto uchimbwe, chini kule pawe bustani kubwa ya mji. Sipingi hata kidogo. Na haki yao niwape, watu walishaulizwa, 2018 zilifanyika warsha za kupanga hilo bonde, na kabla yake vijana wa chuo cha Ardhi pamoja na wenyeji walizunguka mitaani kwenye ile Ramani Huria wakaweka kwenye ramani mitaro na sehemu maji yanapofika. Ila mkutano wa mtaa tunaujua wote jamani, wanaoongea ni walewale watano sita, baba fulani akishika maiki haachii, yule mama wa mchicha anayeshinda mtoni kuliko sisi wote amekaa nyuma anawaza mchicha wake unanyauka, na mtoto hata kualikwa hajaalikwa. Ukija na dodoso ndo kabisa, watu wanakujibu unachotaka kusikia ili uondoke.

Mimi nilijifunza kwa bahati tu. Siku moja nimemaliza kibao cha duka rangi ikabaki, watoto wamenizunguka, nikawapa kipande cha hadibodi nikawaambia haya nichoreeni mto mnaoutaka. Nilitegemea samaki na boti. Wa kwanza kachora kitanda kimewekwa juu ya matofali na mama kakaa juu yake, nikamwambia huo sio mto, akasema ndio mto. Mwingine kachora duara kubwa jeusi, kumbe tairi, anataka zitolewe. Halafu kabinti kamoja, sidhani kama kalikuwa kamefika miaka tisa, kakachora ngazi. Ngazi tu. Nikakauliza ya nini, kakasema ya kushukia mpaka kwenye maji bila kuteleza kwenye uchafu.

Mhariri, mi sio injinia, lakini nimeona michoro mingi ya huo mradi kwenye simu za watu, kingo zimenyooka, miti, watu wanatembea wamevaa vizuri, ngazi ya kushuka mtoni sikuiona. Inawezekana ipo. Bibi mmoja akasimama hapohapo akaniambia na mimi nichoree, ila uuchore ulipokuwa, akanyoosha mkono kuonyesha upande wa pili kabisa, maana mto umehama umekula viwanja, na hapo ndo nikapata historia ya mtaa ambayo mkutanoni sijawahi kuisikia.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Huo mto una kama kilomita 35 toka milima ya Pugu mpaka kwenye mikoko pale Salenda. Itafutwe jora la marekani, kile kitambaa cheupe cha bei ndogo, kila mtaa ulio kando ya mto uchore kipande chake, wa juu wakimaliza wawashushie wa Vingunguti, wa Vingunguti wawape wa Tabata, hivyohivyo mpaka baharini. Wa juu anayetupa taka atachora, na wa chini anayezipokea atachora hapo pembeni yake, tuone watazungumzaje. Na msiniambie gharama, mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora miaka ya sitini mwishoni kwa rangi ya baiskeli na hadibodi, leo picha za mtindo wake zinauzwa mpaka Ulaya.

Ila nina sharti, maana nawajua watu wa miradi. Isiwe zinakuja fulana na kofia, watoto wanapigwa picha wameshika brashi, mabosi wanakata utepe, kitambaa kinaishia stoo. Kitundikwe ofisi ya kata, na kila kilichochorwa kijibiwe pembeni kwa kalamu, hiki kitafanyika, hiki hapana kwa sababu moja mbili tatu. Hata hapana tutaielewa ikiwa na sababu, X ile haikuwa na maelezo yoyote.

Brashi ninazo na Jumapili zangu nazitoa bure. Ila mwanzo uwe Januari, maana masika yakiingia Machi kitambaa kinalowa rangi haishiki, na watu wengi wa kando ya mto wanakuwa wamehamia kwa ndugu.

Fundi vibao,
Kigogo, Dar es Salaam