Anti, niombe radhi kwa lipi?

Anti, shikamoo. Ni saa tisa usiku, baridi ya huku Forest, Mbeya, unaijua, nimejifunika blanketi sebuleni. Mume amelala. Au anajifanya.

Mimi ni mhasibu, nina CPA. Kazi yangu siku hizi ni kukokotoa hasara za wafanyabiashara walioshitakiana. Msimamizi wa ndoa yetu alimshitaki mwenye malori kwa kutobeba magunia yake 600 ya viazi kutoka Njombe. Alitaka adai milioni 54, bei yote ya mnunuzi wa Dar. Nikamwambia hayo ni mauzo, hasara ni kitu kingine. Nauli na vibarua ambavyo hukulipa, milioni 8, lazima vitoke. Nikaandika 46. Akanuna, akakubali.

Siku ya kuhojiwa mahakamani, wakili wa upande wa pili akatoa risiti za ushuru za soko la Mwanjelwa. Kumbe magunia 400 yaliuzwa pale, 45,000 kila moja. Akaniuliza milioni 18 hizo ziko wapi kwenye ripoti yangu. Ningesemaje, Anti, na nimeapa? Nikasema hazimo, sikuambiwa, zikitolewa inabaki 28.

"Umetusaliti mbele ya watu." Mume alinirudia hilo toka mahakamani hadi getini. Mbele ya watu! Na mimi niliyeonekana sijui kutoa na kujumlisha? Nilimuuliza yule bwana mara mbili kama kuna mzigo aliouza kwingine, ujumbe ninao kwenye simu. Labda kosa langu ni kupokea kazi ya mtu wa karibu, lakini mume ndiye aliyenibembeleza.

Pesa ya huyo msimamizi siitaki. Ingawa nusu ya malipo yangu bado anayo, milioni moja na nusu, na ada ya watoto imekaribia. Naweza kumdai?

Jumapili mtoto wao anapata kipaimara, mume anataka niende niombe radhi. Mbele ya watu, tena. Siendi. Kitenge nimeshakipiga pasi.

Halafu juzi, nikitafuta kadi ya gari, nimekuta risiti ya ushuru wa Mwanjelwa ya wiki ileile, ina namba ya pikapu yetu. Alijua, Anti. Aliniacha nipande kizimbani akijua. Sijamwambia nimeiona. Nimwambie kabla ya Jumapili, au nikae kimya?